Mtu wa Nakala Fiche

Katika ofisi ya wapima ardhi alikofanya kazi ya uhazili, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Hakikisha, na hata mkurugenzi, ambaye hujifanya hajui majina ya utani, siku moja alijisahau akamwita hivyo mbele ya wageni. Jina lilimpata kwa tabia yake. Wenzake wakishatuma barua pepe wamemaliza, wananyoosha migongo na kwenda kunywa chai. Yeye akishabonyeza "tuma" ndipo kazi inapoanza. Anafungua sanduku la barua zilizotumwa, anaitafuta ileile aliyoituma sasa hivi, anabonyeza kimshale kidogo chini ya jina la mtumaji, kisha anasoma mstari mmoja baada ya mwingine: nani ameandikiwa, nani amepewa nakala, na nani yumo kwenye nakala fiche, pale ambapo hapana mwingine anayepaona isipokuwa aliyetuma.

"Bi Hakikisha, barua ishaenda," mhasibu alikuwa akimtania. "Ukikuta umekosea utaikimbiza?"

"Siikimbizi. Ila nikikosea nataka niwe wa kwanza kujua. Sitaki niambiwe na wewe."

Na mhasibu hakuwa mtu wa kucheka wengine. Ni yeye aliyewatumia wafanyakazi wote mipango ya sherehe ya kumshtukiza mkurugenzi, na mkurugenzi mwenyewe akamweka juu kabisa. Mkurugenzi akajibu kwa adabu kwamba ameshtuka, na kwamba keki isiwe na sukari nyingi.

Nyumbani nako Bi Hakikisha alikuwa mhazili, isipokuwa huko hapakuwa na mshahara wala likizo. Mama yao, mjane mwenye magoti mabovu na kumbukumbu nzuri kupita kiasi, alikuwa na barua yake ya kila mwezi kwa wanawe. Zamani aliiandika kwa mkono. Macho yalipomchoka akahamia kwenye barua pepe, yeye akisema na mtoto akiandika. Alikuwa na anwani yake mwenyewe, na aliitaja kwa watu kwa fahari kana kwamba ni shahada. Barua ilianza kwa magoti, ikapita kwa majirani, ikaishia kwa amri. Mkwe wake aache kubeba mitungi ya gesi, mgongo si kitu cha kuazima. Wajukuu wamtumie picha zenye nyuso zao, picha za sahani za chakula amezichoka. Ole wake mwandishi aliyejaribu kulainisha neno. Mama alikuwa anamwambia asome tena, na akikuta limelainishwa, alimwamuru alirudishe lilivyokuwa.

Alikaa kwa zamu, miezi kadhaa kwa Bi Hakikisha na miezi kadhaa kwa kaka mkubwa, na kompyuta yake kuukuu ya kubebeka ilisafiri naye katikati ya kanga ndani ya begi. Akiwa kwa Bi Hakikisha, Bi Hakikisha aliandika. Akiwa kwa kaka mkubwa, kaka aliandika kwa vidole viwili, akigusa kila herufi kama mtu anayepima joto la pasi. Huyu kaka alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu. Maisha yake yote aliingia madukani kuhakikisha kilo ni kilo, na alipostaafu tabia hakuiacha ofisini. Neno lake likishatoka, limetoka.

Watoto walikuwa watano. Barua iliandikiwa wanne.

Wa tano, mziwanda, alikosana na baba yao kwa sababu ya mwanamume aliyemtaka, na baba hakumtaka. Akaondoka nyumbani akaolewa mji wa mbali. Baba akaugua, ugonjwa ukaenda mbio kuliko walivyodhani, na mziwanda akafika siku ya pili baada ya mazishi, akiwa na begi dogo na macho yaliyovimba. Kaka mkubwa alimkuta langoni. Alimwambia, na wote waliokuwa ndani walisikia, kwamba aliyeshindwa kumzika baba hana cha kumfuata mama. Mziwanda akageuka. Hapana aliyemkimbilia, na hilo kila mmoja wao aliondoka nalo moyoni na hakumwambia mwenzake. Tangu hapo jina lake halikutajwa mbele ya kaka. Likikaribia kutajwa, mtu alikohoa au aliomba apewe maji.

Lakini mama ni mama. Mwezi wa kwanza wa barua pepe, alipomaliza kusema ya kusema, aliuinamia uso wa kompyuta kana kwamba anaweza kuusoma, akauliza, "Hivi humu kuna mahali unaweza kumweka mtu akasoma, na wenzake wasimwone?"

"Papo, mama. Panaitwa nakala fiche."

"Mweke mdogo wako hapo. Na kaka yako asijue, atanimaliza kwa maneno."

Bi Hakikisha akamweka. Akaendelea kumweka kila mwezi aliokaa na mama, na kila mwezi, akishatuma, alikwenda kwenye zilizotumwa kuhakikisha yumo palepale mafichoni, hakupanda mstari wa juu kwa bahati mbaya. Akimkuta yumo mahali pake, roho inatulia. Mziwanda hakujibu hata siku moja, na Bi Hakikisha, ambaye alijua kuwaza mabaya, aliwaza mengi: labda anwani imebadilika, labda hasomi, labda anasoma na anatucheka.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka mama alipopatikana na tatizo la moyo.

Daktari alizungumza na watoto pembeni. Upasuaji ungekuwa Jumanne. Alisema mioyo ya umri ule hupasuliwa na kupona, ameshaona wengi, lakini wanaotaka kumwona waje kabla, wasisubiri baada. Mama hakuambiwa hayo na hakuhitaji kuambiwa. Jumamosi asubuhi, akiwa kitandani nyumbani kwa Bi Hakikisha, mito mitatu nyuma ya mgongo, aliuliza kama anayeuliza habari za mvua, "Hivi basi la kutoka kule kwa mziwanda linachukua muda gani siku hizi?"

Kaka mkubwa alikuwepo. Aliinuka akaenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa.

Basi ikaandikwa barua ya upasuaji. Mama alisema kwa kifupi, jambo ambalo liliwatisha kuliko maneno ya daktari. Hakuyataja magoti wala jirani. Bi Hakikisha aliandika kwenye meza ya kulia chakula, sebuleni, na kaka akasimama nyuma ya kiti chake, miwani puani, akikagua. Hapo Bi Hakikisha akajua amekwama. Mstari wa nakala fiche hauwezi kuujaza huku mkaguzi wa mizani anakupumulia kisogoni. Akaanza kuvuta muda. Akafuta nukta, akairudisha. Akauliza kama "upasuaji" iandikwe mara mbili au mara moja yatosha.

"Barua ya mama haihitaji kupambwa," kaka alisema, akanyoosha kidole juu ya bega lake, akabonyeza "tuma" mwenyewe. Kisha akaenda jikoni kukaza bomba lililokuwa linadondosha maji, maana hakuweza kukaa katika nyumba yenye kitu kinachovuja.

Bi Hakikisha alifungua zilizotumwa. Alijua atakachokikuta, lakini alifungua. Wanne walikuwa juu, na mstari wa nakala fiche haukuwepo kabisa, kwa kuwa hapakuwa na mtu ndani yake. Habari ya Jumanne ilikuwa imekwenda kwa watu wote wa mama, isipokuwa yule ambaye mama alimuulizia basi.

Alisikiliza bisibisi na spana zikigongana jikoni. Muda upo. Angeandika upya, kwa mziwanda peke yake, haraka, kabla bomba halijapona. Lakini anwani ya mziwanda ilikuwa na tarakimu mwishoni ambazo hakuziamini kichwani, na leo si siku ya kubahatisha. Basi akateremka kwenye zilizotumwa ili anakili anwani kutoka barua ya mwezi uliopita. Akaifungua, akabonyeza kimshale, akaiona anwani, akainakili. Alikuwa ameshaibandika mahali pake ndipo akili ikamwamkia.

Mwezi uliopita mama alikuwa kwa kaka.

Akairudia ile barua. Maneno "mama yenu hajambo" yameandikwa bila nafasi katikati, kama kaka anavyoandika. Juu, wanne. Chini yao, kwenye nakala fiche, mziwanda. Akafungua ya mwezi uliotangulia, nayo ya kaka: mziwanda. Akafungua ya nyuma zaidi, na ya nyuma yake. Barua zote za kaka alikuwa amezipokea kwenye simu yake mwenyewe siku zilipotumwa, na kwa aliyepokea, mstari ule hauonekani. Hakuwahi kuwa na sababu ya kuzifungua huku, upande wa mtumaji. Mtu aliyekagua kila barua yake maisha yake yote hakuwahi kukagua ya kaka yake, kwa kuwa ya kaka nani angeitilia shaka?

Aliinuka akaenda jikoni.

"Kaka, nani alikufundisha nakala fiche?"

Spana ikasimama. "Nakala gani?"

"Usinizungushe. Nimeona. Barua zako zote mdogo wetu yumo."

Kaka hakugeuka. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. "Nani alikuruhusu kufungua barua zangu?"

"Ni barua za mama."

Kaka akaishusha spana kwenye sinki polepole, kama kitu cha kuvunjika. "Mama ndiye aliniomba. Akaniambia nimweke pale na nisikuambie wewe, kwa sababu mdomo wako hauna kufuli."

"Mdomo wangu?" Bi Hakikisha aliruka. Hasira ilimpanda juu ya mshangao, akasahau hata kuuficha uso. "Wangu hauna kufuli? Mimi niliyemweka mdogo wangu kwa siri miaka yote hii, hata mume wangu hajui, eti sina kufuli?"

Ndipo kaka alipogeuka. "Wewe pia?"

"Mimi pia. Na mimi niliambiwa wewe usijue."

Kaka alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Kwa mwili wake mkubwa ilikuwa kichekesho, na siku nyingine Bi Hakikisha angecheka mpaka mbavu zimuume. "Kwa hiyo barua zote amezipata."

"Zote. Isipokuwa ya leo, uliyoituma wewe kwa haraka zako."

"Ya leo nilingoja uondoke mezani nimpelekee. Sasa mbona haji?" Sauti ilimpanda, kisha ikamkatika katikati. "Mbona hajibu? Anajua kila kitu, mpaka goti gani linauma. Mimi nilijiambia, akijibu hata neno moja, nitamwambia njoo. Neno moja tu. Kila mwezi nafungua kuangalia. Nikasema, basi, ametukataa. Nilimkosea, na yeye ametukataa."

Alikuwa analia, yule mkaguzi, huku amekalia ndoo, na Bi Hakikisha hakujua afanye nini na mikono yake. Hakuwahi kumwona akilia, hata kwenye mazishi ya baba. Akamwekea mkono begani. Na alipokuwa amesimama hivyo, akitafuta la kumwambia, likamjia jambo analolijua kuliko watu wote katika nyumba ile, akaona aibu kwamba halikumjia mapema.

Pale ofisini mkurugenzi humwambia, "Mwanasheria naye aone, ila asionekane." Basi Bi Hakikisha humweka mwanasheria kwenye nakala fiche. Mwanasheria husoma, na hunyamaza. Hajibu kamwe, kwa sababu anajua akijibu atajianika yeye na atamwanika aliyemficha. Huo ndio ustaarabu wake. Mtu wa nakala fiche hupewa habari na hapo hapo huombwa akae kimya. Hakuna haja ya kumwambia. Mahali penyewe alipowekwa panamwambia.

"Kaka," alisema, "sisi ndio tuliomwambia asijibu."

"Mimi sikumwambia hivyo."

"Kila mwezi tumemwambia. Anafungua barua, inasema 'wanangu wapenzi', halafu majina yetu manne. Lake halimo. Na anajua kuna mtu amemwingiza kwa mlango wa nyuma, akifungua mdomo mtu huyo atapata shida. Wewe ungejibu?"

Kaka alifikiri kwa haki, kama alivyofikiria kila kitu. "Nisingejibu," alisema.

"Mnanong'ona nini huko?" Mama aliita kutoka chumbani. Moyo ulikuwa mbovu, masikio yalikuwa mazima.

Wakaingia wote wawili. Kaka akabaki karibu na mlango kama mtoto aliyevunja sahani, kwa hiyo ikabidi Bi Hakikisha aseme. Alisema yote, na alipomaliza alitarajia mama aone haya kidogo. Mama hakuona haya hata chembe.

"Mlitaka niwaweke pamoja niwaambie?" aliuliza. "Mngeitisha kikao. Kikao kingezaa kikao. Mmoja angesusa, mmoja angelia, na mziwanda wangu angekuwa bado hajui kama niko hai. Nimewaambia mmoja mmoja, na kazi imefanyika. Hata hao wawili wa mbali, walipokuja kunitembelea wakaniandikia, niliwaambia vilevile."

Watoto wakatazamana. Nyumba nzima ilikuwa imemficha mtu mmoja, kila mtu akiwaficha wenzake.

"Mama, umefanya vizuri," Bi Hakikisha alisema, na alikaa kitandani, kwa kuwa lililobaki hakutaka kulisema amesimama. "Lakini ameona jina lake halimo. Miaka yote. Habari hakukosa. Alikosa kuitwa."

Mkono wa mama ulikuwa unalikunja pindo la shuka na kulikunjua. "Nilidhani inatosha ajue nimeamka salama," alisema. Machozi yalimtoka bila sauti, akayaacha yashuke. Kisha akamwangalia mwanawe wa kwanza pale mlangoni, na ile sauti ya amri za mwisho wa barua ikamrudia. "Leta mashine. Dada yako asiguse. Wewe ndiye uliyemfukuza, wewe ndiye utakayemwita. Na umweke juu, na wenzake."

Kaka alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kompyuta mapajani, na vidole viwili vikaanza kazi. Kwenye mstari wa juu aliandika anwani za ndugu zake, na ya mziwanda akaiandika mwenyewe, herufi kwa herufi, hata Bi Hakikisha alipomwambia anaweza kuinakili. Kisha akaandika majina matano kwa utaratibu wa kuzaliwa. Chini yake akaandika: "Mdogo wangu, mama anafanyiwa upasuaji wa moyo Jumanne. Anakutaka. Mimi pia nakutaka. Siku ile nilikosea na nimeshindwa kusema mpaka leo."

Akamwonyesha mama, akasahau kwamba haoni herufi. Akamsomea. Mama hakubadilisha neno.

Baada ya hapo ilikuwa kusubiri, na kusubiri hakuna aliyekujua vizuri katika familia ile. Wale wawili wa mbali walijibu upesi, mmoja kwa mshangao na mmoja kwa kukiri, wakianika siri zao kwenye barua za wazi mbele ya kila mtu. Kwa mziwanda hakukuja kitu. Kaka alilikaza bomba lililokwisha kukazwa. Bi Hakikisha alichemsha chai akaisahau mpaka ikapoa. Aliogopa, na alijua anachokiogopa: kwamba mtu huweza kukaa mafichoni mpaka akapazoea, na ukimwita atoke, anaona bora abaki.

Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta wa chumba cha mama kompyuta ilipolia. Bi Hakikisha alikuwa wa kwanza kuifikia. Aliangalia juu kwanza, kwa mazoea ya kazi. Mziwanda alikuwa amewajibu wote. Hakumficha mtu.

"Soma," mama alisema. "Usiruke."

Bi Hakikisha alisoma.

"Shikamoo mama. Shikamoo kaka, shikamoo dada, shikamooni kaka zangu. Barua zote nimezisoma, nyingine mara nyingi. Najua goti la kushoto ndilo lililoanza, na najua jirani amerudisha ngazi. Wanangu wanajua maneno yako, nawasomea. Nilitamani kuuliza mengi. Sikujua kama naruhusiwa kuuliza. Leo nauliza: mama anaingia chumba cha upasuaji saa ngapi? Nimeshakata tiketi ya kesho asubuhi, sikusubiri jibu."

Kaka mkubwa alifunika uso wake kwa mikono yote miwili.

"Rudia mwanzo," mama alisema.

"Mwanzo wapi, mama?"

"Pale anaponiamkia."

"Shikamoo mama," Bi Hakikisha alisoma.

Mama alijiinua kutoka kwenye mito, akaigeukia ile kompyuta, akaitika kwa nguvu, kama mtu anayetaka asikike mpaka mji wa pili.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba."